Nesi Aliyechungulia Uvungu

Mara ya kwanza alipokuja nyumbani kwangu hakuuliza mgonjwa yuko wapi. Alisimama katikati ya sebule, akautazama mlango wa nyuma, akalitazama dirisha, akauliza funguo za nyumba hukaa wapi. Halafu akaingia chumbani kwa mama yangu, akamwamkia kwa Kijita kibovu kilichomfanya mama acheke, akapiga goti moja sakafuni, akainua pindo la shuka na kuchungulia uvungu wa kitanda.

"Kuna vitu vingi huku," alisema.

"Ni vyombo vya zamani tu," nikajibu.

Aliinuka, akajipangusa goti, akatoa daftari dogo mkobani na kuandika mstari mmoja. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa na hakika kwamba nimemkaribisha adui.

Musoma nzima walimwita Nesi, nasi tutamwita hivyo hivyo. Alikuwa amestaafu hospitalini, lakini gauni jeupe hakulistaafisha. Alilivaa kila siku, limefuliwa mpaka limekuwa jepesi kama karatasi, na miguuni raba za turubai. Alipanga chumba kimoja karibu na Mwigobero. Akina mama wa kanisani walimwomba awe anapitia wazee wagonjwa majumbani, naye akachagua aina moja tu ya wagonjwa, wale ambao hakuna mtu aliyetaka kuwasikia: wazee waliopoteza kumbukumbu. Wengine walisema wazee hao wamerudia utoto. Wengine walisema wamerogwa, au ndio wanaoroga. Yeye alisema, "Ubongo unachakaa kama goti," na hakuwa na maelezo zaidi.

Lazima nieleze hofu yangu, maana bila hiyo nitaonekana mwanamke mwenye roho mbaya. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sukari kwa foleni, khanga kwa kibali, sabuni kwa kujuana. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba huko Bunda. Lori lilikwenda na pamba, na mara nyingine lilipitia upande wa mpakani na kurudi na mambo mengine: miche ya sabuni, mafuta ya kupikia, khanga doti kadhaa. Vyote vilikaa chini ya kitanda cha mama yangu, humo nyumbani kwetu mtaa wa Iringo, kwa sababu nani angemsumbua bibi kizee?

Tatizo ni kwamba bibi kizee mwenyewe alikuwa hatunzi siri tena. Mama yangu, aliyetulea huko Majita kwa kukausha samaki, mwanamke ambaye zamani hakumwambia mtu hata idadi ya kuku wake, sasa alimwambia kila aliyeingia: "Mimi nina duka. Nimelilalia."

Wageni walicheka. Nesi hakucheka.

"Duka la nini, Bibi?"

"Nesi, karibu chai," nilidakia.

"Mimi sinywagi chai za watu," alisema, macho yake bado yako kwa mama.

Hilo nalo lilinitia mashaka. Kwetu mtu asiyegusa chakula chako ana jambo. Katika miaka ile ya njaa ya vitu, mgeni akiona sukari mezani macho humtoka. Nesi alikuwa anasukuma kikombe pembeni kwa kidole kimoja. Hakupokea hata ndizi. Jirani yangu wa upande wa kushoto alisema wapelelezi ndivyo wanavyofundishwa, wasile kwa watu wanaowachunguza. Nilimwamini, ingawa huyo huyo jirani alikuwa anamwita mama yangu mchawi kwa kuwa alionekana alfajiri akizungukazunguka uani na nguo moja.

Na maswali yake! Nani anaingia humu mchana? Majirani wanasemaje? Mumeo anarudi siku gani? Bibi anafichaga vitu wapi? Aliinua godoro, akatoa kipande cha ugali kilichoota ukungu na soksi ya mume wangu. Alichukua kisu cha jikoni na kiberiti, akaviweka juu ya kabati ambako hata mimi sivifikii bila kigoda. Aliamuru nihamishe mafiga uani ili moshi usimuingie mama machoni. "Macho mekundu ya bibi kizee yanaua," alisema. "Si yeye anayeua. Anayeuawa ni yeye. Uliza huko upande wa Bunda vijijini, wanakowaita wachawi." Nilihamisha mafiga, lakini nilibaki najiuliza kwa nini anatamani sana kupanga nyumba yangu.

Kisha kulikuwa na jambo la uongo. Nesi alikuwa mkali wa ukweli kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nilimsikia akimgombeza mzee wa kanisa mbele za watu kwa kumtuma mtoto aseme "yuko njiani" kumbe bado yuko kwake anavaa viatu. Lakini kwa mama yangu alidanganya bila kupepesa.

Kila alasiri mama alikaa kizingitini kumsubiri baba. Baba alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusahihisha, kwa hiyo kila alasiri nilimwambia: "Mama, baba alikufa. Tulimzika kijijini." Naye kila alasiri alishika kichwa na kulia kama amesikia sasa hivi. Siku moja Nesi alikuwapo. Alinivuta mpaka uani.

"Mama Nyangeta," alisema, akinitaja kwa jina la binti yangu aliyekuwa shule ya bweni, "wiki hii umemzika baba yako mara ngapi?"

Sikuelewa.

"Kila siku unamletea mama yako tanzia ya mumewe. Hata adui hafanyagi hivyo."

"Sasa nimdanganye?"

"Ukweli ni dawa, na dawa ina kipimo." Alirudi kizingitini, akaketi chini kabisa, raba zake zimenyooka mbele. "Bibi, huyu mzee ukimpikia anapendaga samaki gani?"

"Kamongo," mama alijibu mara moja, na machozi yakakoma. Jioni ile yote alieleza jinsi ya kumchuna kamongo na jinsi baba alivyokuwa akificha kichwa cha samaki ili watoto wasikione. Mimi, mwanawe, sikuwahi kusikia habari hiyo.

"Usibishane na mtu aliyepotea," Nesi aliniambia akiondoka. "Mfuate huko aliko, halafu mrudi pamoja."

Maneno mazuri. Lakini usiku ule niliwaza: mtu anayejua kudanganya vizuri hivi, mimi ananidanganya nini?

Jumatano alikuwa akimchukua mama na kumtembeza mpaka Mwigobero, kwenye mwalo, waangalie mitumbwi na dagaa walioanikwa. Mimi aliniamuru nilale. Nesi hakuulizia hali ya mama kama alivyoulizia yangu: umekula, umelala, lini ulikaa na wenzako ukacheka? Nililala macho wazi, nikiwaza mama anamwambia nini huko. Walirudi mama ananuka samaki, uso umetakata kama wa mtoto aliyetoka kuoga.

"Nimemwambia yule msichana yote," mama alisema.

"Yote yapi, Mama?"

"Yote."

Wiki hiyo hiyo redio ikatangaza msako wa walanguzi. Watu waliokuwa na magunia walihaha. Palisemwa kuna walioenda kumwaga sukari ziwani, na kwamba samaki walikuwa watamu siku tatu. Mume wangu alirudi kutoka Bunda na uso wa majivu.

"Yule mwanamke anaandika nini kwenye daftari?" aliniuliza.

"Sijui."

"Unamfungulia mtu mlango huu sasa mwezi wa nne, anachungulia uvungu, anaandika, na hujui?" Hakuwa mtu wa kelele, aliposhusha sauti ndipo nilipoogopa. "Asikanyage hapa tena."

Tungeweza kuviondoa vile vitu, mtasema. Kwenda wapi? Kila mtu alikuwa anamchungulia mwenzake dirishani. Kubeba mche wa sabuni barabarani kulikuwa kama kubeba maiti. Vikabaki palepale, na mama juu yake.

Nesi alipokuja Jumatano nilisema nikiwa nyuma ya mlango uliofungwa kwamba mama amesafiri. Ndani, mama alikuwa anaimba.

"Namsikia," Nesi alisema.

"Nenda, Nesi. Mwenye nyumba hataki."

Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma barua: "Mimi sikuwa nakuja kwa Bibi peke yake. Bibi hajui kama nimekuja. Nilikuwa nakuja kwako."

Sikufungua. Maneno hayo yalinitisha zaidi. Mpelelezi yeyote angeweza kuyasema.

Kwa majuma matatu nilikuwa peke yangu. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka tangu siku mama alipompiga na mwiko akidai amemwibia uso. Mume wangu alirudi Bunda. Asubuhi nilifundisha mpaka saa saba mchana, na sikuwa na wa kumwachia mama. Siku ya kwanza nilimfungia ndani. Nilimkuta amejikata kwa kioo cha dirisha akijaribu kutoka. Siku ya pili alitoka, sijui kwa wapi, akaokotwa karibu na ziwa na mtu aliyemjua. Siku ya tatu nilichana khanga, nikamfunga mguu kwenye tendegu la kitanda.

Nimeandika sentensi hiyo haraka. Kuitenda haikuwa haraka. Mama alinitazama nikifunga, akasema, "Fundo hilo si zuri, litafunguka," akanifundisha fundo la wavuvi. Nikalifunga kama alivyonielekeza, nikaenda kufundisha. Na kila nilipopita dirishani asubuhi na jioni nilimwona Nesi barabarani, gauni jeupe, akipita taratibu na kuitazama nyumba. Nilizidi kuamini anatuwinda.

Siku ambayo msako ulifika mtaani kwetu nilikuwa darasani. Mwalimu mkuu aliniita pembeni: mgambo wako Iringo, wanaingia nyumba kwa nyumba. Nilikimbia viatu mkononi. Nilipofika kwenye ua wetu wa minyaa nilisimama, miguu ikakataa. Mlango wangu ulikuwa wazi. Mbele yake walisimama mgambo watatu na ofisa mmoja mwenye kaunda suti, na kati yao na mlango alisimama Nesi.

Nikasema moyoni: ndiye aliyewaleta. Amewafungulia kwa ufunguo wangu mwenyewe, ule ulio chini ya jiwe la kusagia, ambao aliuulizia siku ya kwanza.

"Tupishe, mama," ofisa alikuwa anasema.

"Karibuni," alisema Nesi. "Sijamkataza mtu. Nasema tu kwamba mgonjwa ameharibu kitandani na bado namsafisha. Huu ndio mkono niliomshikia." Akaunyoosha mkono kumpa ofisa.

Ofisa alirudi nyuma hatua moja. Harufu ilikuwa imefika mpaka nilipo.

"Ni kipindupindu?"

"Mimi sijasema kipindupindu. Mimi si daktari. Ingieni mchungulie wenyewe, yuko chumba cha mkono wa kulia. Ila mkitoka, mtanawa na nini? Mji mzima sabuni hakuna."

Mgambo mmoja alitema mate pembeni. Ofisa aliangalia karatasi yake, akaangalia nyumba inayofuata.

"Hapa kuna bidhaa zozote?"

"Kuna bibi kizee," alisema Nesi, "na hana mnunuzi."

Wakaenda kwa jirani.

Niliingia ndani. Nilitaka kumshika miguu. Lakini Nesi hakuwa anatazama sabuni, wala mimi. Alikuwa amekaa kitandani, juu ya mali yetu yote ya magendo, ameupakata mguu wa mama. Kifundoni palikuwa na mchubuko mwekundu kama bangili.

"Fundo hili la nani?"

"Langu."

"Nimehangaika nalo, halifunguki. Lete mkasi."

Nilileta. Alikata. Mama alilalamika kwamba khanga imeharibika. Ndipo nikaanza kulia, na Nesi akaniacha nilie mpaka nikanyamaza mwenyewe.

"Nani anakusaidia?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Swali hilo ndilo nililokuwa nakuuliza miezi yote. Nani anaingia, mume anarudi lini, majirani wanasemaje. Wewe ukasikia nauliza sabuni." Alifungua daftari akanionyesha. Kila mstari ulikuwa tarehe na maneno machache. *Binti hajalala. Binti amepungua. Binti ameanza kupiga kelele. Binti hana mtu.* Kuhusu mama hapakuwa na mstari hata mmoja.

Hapo ndipo hadithi ingepaswa kunigeuza mtu mwema anayeamini. Haikuwa hivyo. Mume wangu aliposikia alisema, "Sasa ametushika. Subiri atataja bei." Na kesho yake Nesi akaja, akasimama sebuleni, akataja bei: miche kumi ya sabuni.

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Tulitoa. Nesi aliipanga mkobani, akaifunika kwa khanga, akaondoka bila asante.

Nilimfuata. Ndiyo, mimi, mwalimu wa shule, nilijifunika uso nikamfuata kwa mbali mtaa hadi mtaa. Nilikuwa na uhakika anakwenda kuuza. Aliingia nyumba ya kwanza. Kupitia uzio nilimwona mzee amekaa uchi juu ya gunia, na binti aliyekonda akipokea kipande cha sabuni. Nesi alikuwa anakata mche kwa uzi, kama wanavyokata ugali wa baridi. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ya nne. Nilianza kuona aibu. Lakini nyumba ya tano, karibu na mwalo, haikuwa na mzee yeyote. Alitoka hapo na sato mkubwa mkobani, mkia unachungulia nje, na akasimama nyuma ya ukuta akavuta ugoro kwa matundu yote mawili ya pua, yeye aliyekuwa anawakemea akina mama wa kanisani kwa kunywa togwa iliyolala ikachacha.

Nilijitokeza. Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo kumkamata.

"Nesi!"

Alipiga chafya. Alinitazama, akamtazama sato, akacheka mpaka machozi.

"Mama Nyangeta, na mimi nina tumbo. Ulidhani nakulaga gauni?"

"Mbona kwangu hukunywa hata chai?"

"Nikinywa chai kwako, utaniambia Bibi anaendelea vizuri. Mtu akishakulisha, anataka umsifu." Akafunga mkoba. "Kwa kuwa umenifuata mpaka huku, Alhamisi njoo na mashuka yako machafu."

Hayo mashuka ndiyo yaliyoniokoa, zaidi ya siku ile ya msako. Alhamisi mchana Nesi aliwakusanya watu wote wenye wazee kama wangu kwenye mawe ya ziwani, kila mmoja na fungu lake la nguo zilizoharibiwa. Wawili kwa zamu walibaki na wazee wote katika uwanja wa kanisa. Tulikuwa wanawake saba na mwanamume mmoja, mvuvi wa makamo aliyekuwa akifua nguo za mkewe huku wapita njia wakimcheka. Hatukuita mkutano. Tuliita kufua. Mikono ikiwa majini mtu husema mambo ambayo hawezi kuyasema akiwa amekaa kwenye kiti.

Mwezi wa kwanza sikumwamini hata mmoja wao. Niliwaza nani atakayepeleka habari zangu. Kisha Alhamisi moja yule mvuvi, bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe lake, alisema, "Jana nilimwomba Mungu amchukue."

Nguo zote zikanyamaza.

Nesi alikuwa amekaa juu ya jiwe kavu. Yeye hakufua kamwe, alisema alifua vya kutosha hospitalini. "Ambaye hajawahi kuomba hivyo," alisema, "anyanyue mkono."

Hakuna mkono uliotoka majini. Nami nikajisikia nikisema kwa sauti, "Mimi nilimfunga mama yangu kwenye kitanda." Mwanamke wa karibu yangu alisogeza fungu lake, akashika ncha ya pili ya shuka langu, tukakamua pamoja. Hakuna aliyesema pole.

Sitaki mdhani Nesi alikuwa malaika. Alikuwa na wapendwa na wasiopendwa, na hakuficha. Alimtukana mwanamke mmoja aliyechelewa mara mbili mpaka akaacha kuja. Majina yetu hakuyashika. Tulikuwa "wewe wa bibi mwimbaji" na "wewe wa mzee wa magunia". Ukimuuliza habari za ndugu zake alisema "wapo" na kufunga mdomo. Alijua kitandani kwa kila mtu, na hakuna aliyejua kwake kuna nini.

Mama aliishi miaka mitano mingine. Alikufa akiwa ananiita dada yake mkubwa, nami nikiitika, maana nilikuwa nimejifunza. Ulipofika wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Musoma yakajaa kwa ghafla. Mume wangu aliacha lori akafungua duka lenye mlango wa mbele, na mambo tuliyoyaficha uvunguni sasa yalipangwa dirishani. Kufua kulipungua. Kila mtu alinunua sabuni yake, ya unga, akafulia uani kwake peke yake. Nesi alisikitika, akasema umaskini ulikuwa unatuleta pamoja na sasa tumetajirika kidogo kiasi cha kutosha kuumia kila mtu kivyake.

Halafu siku moja akatoweka. Chumba kilikutwa tupu. Hakumuaga mtu. Palisemwa alikimbia na dawa za msaada zilizokuja kanisani. Palisemwa amefungua duka la dawa Bunda. Ningependa kusema nilimtetea. Nilinyamaza, na kimya changu kilikuwa nusu ya kuamini.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi. Nilikuwa nimekwenda msibani Butiama, kwa mwalimu mwenzangu, nikasikia wanawake wakimtaja bibi fulani wa gauni jeupe anayeishi njia ya kwenda Buhemba. Asubuhi ya pili nilitembea mpaka huko.

Nyumba ilikuwa ya tope, safi. Nesi alikuwa amekonda, mgongo umepinda, gauni lilelile limewekwa kiraka cha kitambaa cha bluu. Alinitambua mara moja, lakini hakunikumbatia.

"Nani amekuambia niko hapa?"

"Wanawake msibani."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kukusalimia."

Alinitazama kama mtu anayetafuta uvungu wangu. Ndani ya nyumba mwanamume aliita, sauti nene: "Rozalia!"

"Abee," alijibu Nesi.

Jina lake halikuwa Rozalia. Aliona nimeshangaa, akaniambia pale pale mlangoni, kwa sentensi chache kavu. Huyo alikuwa mume wake. Alimwacha Nesi akiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, akaenda kutafuta dhahabu Buhemba, akaoa mwanamke mwingine huko, huyo Rozalia, na kuzaa naye. Rozalia alikufa. Watoto walitawanyika. Mzee alipoanza kupotea, watu walimbeba kwenye toroli wakamshusha hapa kwa ndugu za mke wa kwanza, wakamtumia habari aje, kwa kuwa karatasi za ndoa zilikuwa na jina lake.

"Ndiyo maana uliondoka Musoma?"

"Ningeaga nini? Niwaambie wewe na wale wengine kwamba ninayewafundisha upole ninaenda kumuuguza mtu ninayemchukia?"

Aliniingiza ndani. Mzee alikuwa mkubwa wa mwili, amekumbatia kopo la maziwa ya unga lililojaa kokoto. Aliniona akalificha kifuani.

"Kaa naye kidogo," Nesi alisema. "Naenda kisimani."

Akajitanda khanga akatoka. Ilipita muda mrefu ndipo nikaona kwamba ndoo ilikuwa bado pale mlangoni.

Nilikaa. Mzee aliniuliza nimetumwa na nani, nikamwambia nimekuja kuangalia dhahabu yake. Akanionyesha kokoto moja moja, kwa wasiwasi, akizirudisha haraka. Jua lilipanda, likapita kichwani. Nilimpa uji, nikambadilisha nguo, alinipiga kofi begani, nikamwacha mpaka akatulia. Kila nilipochungulia njia ilikuwa tupu. Saa nane nikawa na hakika: amenikimbia. Amenisubiri miaka yote aje amtue mtu wake mikononi mwangu. Nilianza kuhesabu ni jamaa gani wa karibu ninayeweza kumkabidhi, na nilimlaani Nesi kwa sauti, mzee akaitikia "kweli".

Alirudi saa tisa, raba zimejaa vumbi jekundu, mikono mitupu. Alikaa chini kando yangu kibarazani.

"Nilidhani umenikimbia," nilisema.

"Nilifika barabarani," alisema. "Gari la Bunda likasimama. Kondakta akaniuliza, mama unapanda? Nikaweka mguu mmoja juu."

"Ikawaje?"

"Kondakta akasema, nyanyua na wa pili." Alivua raba moja, akakung'uta mchanga, akaivaa tena. "Ukakataa."

Kisha nikamwambia Jumamosi nitarudi, na Jumamosi ya baadaye, na kwamba wapo wenzetu wawili Musoma ambao bado wako hai na nitawaleta. Aliniambia nisimwahidi mambo. Nikasema siahidi, naarifu.

Ndani kopo lilianguka, kokoto zikatawanyika sakafuni.

"Rozalia!" mzee alipiga ukelele. "Rozalia, tumeibiwa!"

Nesi alishika goti langu, akajiinua.

"Abee, mume wangu," alisema. "Nakuja tumtafute mwizi."